Zamu ya Mwisho kwenye Mashine ya Magoti

Ilianza na harufu. Chumba cha MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, hakina jiko, lakini jioni ile Raili alipoingia kumtoa mgonjwa wa mwisho alinusa moshi wa kuni na majani mabichi yaliyolowekwa. Akamsingizia Jouni, mwenzake wa zamu, na soksi zake.

"Soksi zangu zinanuka jibini, dada, si moshi," Jouni akajitetea. "Tuheshimiane."

Raili hakucheka. Mgonjwa mwenyewe alikuwa Saana, bintiye, mwanamichezo wa skii, wa kuteleza thelujini, aliyekuja kwa maumivu madogo tu, na picha ilimkata maini mama wa watu. Gegedu la goti, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, na chini yake mfupa una shimo. Daktari aliiona, akasema ni upasuaji, na skii basi tena.

"Shimo hili nalijua," Raili alinong'ona, akifungua picha za wiki nzima. Kila mgonjwa wa mwisho wa siku, mzee kwa kijana, alikuwa nalo, mahali palepale.

"Tangu lini?" Jouni aliuliza, utani umemwisha.

"Tangu tuanze kuijaza zamu ya mwisho ya mashine kwa mgonjwa."

Jengo lile lilisimama palipokuwa na sauna, chumba cha kuogea mvuke, ya mganga wa viungo wa zamani, na hapa kwetu mvuke wa mwisho wa sauna huachiwa mwenye sauna, yule pepo asiyeonekana. Mtu haingii. Mtaalamu aliyewatangulia aliiendesha mashine tupu kila jioni kabla ya kufunga. Wao walimcheka, wakaijaza zamu ile ili kupunguza foleni.

Kesho yake wakaiacha zamu ya mwisho tupu. Raili alibonyeza kitufe, mashine ikaanza kugonga kama kawaida, kisha kugonga kule kukageuka mlio wa maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto, na kioo cha dirisha kikaingia ukungu kwa ndani, na kitanda kisicho na mtu kikabonyea taratibu, na kwenye skrini, ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, likajitokeza goti la mtu mzee sana, limelika, na shimo lake.

"Usipumue, dada," Jouni alisema, amemng'ang'ania mkono. "Nakuomba, usipumue."

Mashine ikanyamaza. Kitanda kikainuka.

Asubuhi walimpiga Saana picha upya. Goti safi, gegedu zima. Raili alilia kwa furaha mbele ya wagonjwa wote, akampelekea daktari picha, na kazi yao ilipoisha yeye na Jouni wakaiacha zamu ya mwisho wazi, wakaenda zao nyumbani.

Jioni daktari alimpigia simu.

"Raili, picha mbili zinapingana, siwezi kuamua kwa kubahatisha. Nimeona zamu ya mwisho iko wazi, nikamwita Saana. Yuko ndani ya mashine tayari."

"Mtoe! Daktari, mtoe sasa hivi!"

"Tulia, mama, dakika chache tu." Nyuma ya sauti yake maji yalisikika yakimwagwa juu ya mawe ya moto. "Ila niambie, nani anachoma kuni huku?"