Kifundo cha Blada

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Jebet alimsaidia mama yake kupokea maziwa. Pikapu iliyobeba maziwa ya wafugaji ilifika kutoka Moiben kungali na baridi ya kuuma masikio, ikasimama mbele ya kibanda chao cha maziwa pale mtaani West Indies, na Jebet akaanza kufungua mikebe. Kila mfuniko ulikuwa umekazwa kwa blada, ule ukanda mweusi unaokatwa kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli. Babu yake, aliyefuga ng'ombe huko Moiben, alifunga kila kitu kwa blada: mpini wa jembe, bomba la maji, hata waya wa redio ukikatika. Jebet aliamini kwamba hakuna kitu duniani kinachoishinda blada.

"Leo tunamwonyesha Mwalimu Mkuu kisanduku chetu," alimwambia mama yake huku akifungua mkebe wa mwisho.

"Kile cha kuwasha printa?"

"Na spika pia, Mama. Ukiwasha kompyuta tu, zenyewe zinawaka. Ukizima, zinazima."

"Basi kunywa chai kwanza. Hicho kisanduku hakina miguu, hakitakimbia."

Jebet alikunywa chai akiwa amesimama, akaunguza ulimi, akatoka mbio.

Kisanduku hicho kilizaliwa kutokana na uzembe. Wanafunzi walizoea kuzima kompyuta ya shule na kuacha printa na spika zikiwaka hadi Jumatatu. Katika kila gwaride Mwalimu Mkuu alilalamika juu ya stima iliyopotea, hata wanafunzi wakayajua maneno yake kwa moyo. Ndipo Jebet wa Gredi ya Saba akapata wazo, na rafiki yake Wangila akawa na mikono ya kulitekeleza.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na rilei mbili. Rilei ni swichi ambayo haibonyezwi kwa kidole. Ikipata umeme kidogo tu, hujiwasha yenyewe kwa mlio wa "tak!" na kuruhusu umeme mkubwa upite. Umeme huo mdogo ulitoka kwenye tundu la USB la kompyuta kupitia waya mwembamba. Wangila ndiye aliyelehemu viungo vyote vya umeme mdogo, akiyeyusha risasi ya kulehemia tone kwa tone, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Upande wa umeme mkubwa uliunganishwa na Mwalimu Tryphosa, mwalimu wao wa sayansi, kisha akaufunika na kuukaza kwa skrubu ili mwanafunzi yeyote asiuguse.

Siku ya Ijumaa, Jebet na Wangila wangekipeleka kisanduku kwenye maonyesho ya sayansi mjini. Wangila hakuzungumzia jambo jingine. Baba yake, Mzee Wabuge, alikuwa mpakiaji wa magunia ya mahindi kwenye ghala moja, na hakuwahi kupata nafasi ya kufika shuleni. Safari hii alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aje kumwona mwanawe.

Jambo moja tu lilimkera Jebet. Kisanduku kilikaa chini ya meza ya kompyuta, kwenye kona yenye giza. Nani angekiona huko? Kwa hiyo jioni kabla ya siku hii ya kumwonyesha Mwalimu Mkuu, wenzake walipokwenda michezoni, alikibeba akakiweka kwenye meza ya mbele. Waya mwembamba wa USB haukufika kwenye kompyuta. Basi akaukata katikati, akaongeza kipande cha waya wa chaja mbovu, akasokota kila waya na mwenzake kwa vidole, kisha akavifunga viungo kwa blada kama alivyofanya babu yake. Kifundo alikificha chini ya kitambaa cha meza. Alijaribu mara moja, tak, printa ikawaka. Akaenda zake nyumbani akiwa na furaha tele.

Sasa Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mbele ya meza hiyo, mikono nyuma. Wangila aliwasha kompyuta. Tak! Printa ikaamka, spika zikalia, na darasa zima likapiga makofi. Mwalimu Mkuu akaegemea meza ili atazame kwa karibu.

Tak-tak-tak-tak-tak! Kisanduku kilianza kugonga kama meno ya mtu aliyenyeshewa. Printa ikazimika, ikawaka, ikazimika. Spika zikakoroma, kisha kimya.

"Nani alifanya hii kazi ya waya?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Ni mimi, Mwalimu," alijibu Wangila kwa sauti ndogo.

"Basi hukulehemu vizuri. Hatuwezi kupeleka aibu mjini. Kesho mchana nitarudi. Nikikuta kiko hivi, Phineas wa darasa lenu atalehemu upya, na yeye ndiye ataenda na Jebet."

Mwalimu Tryphosa aliinua mkono. "Tusikimbilie kulaumu. Juzi kisanduku kilifanya kazi siku nzima. Tuulize kwanza, ni nini kimebadilika? Jebet, umegusa kitu?"

Jebet alitazama darasa. Macho yote yalikuwa kwa Wangila, na hakuna hata mmoja aliyemshuku yeye. "Nilikisogeza tu mbele, Mwalimu," alisema.

"Na waya ulifika?"

"Ulifika."

Neno hilo moja likapeleka kila mtu mahali pasipofaa. Baada ya masomo Mwalimu Tryphosa alileta mita ya kupimia umeme, akagusa viungo vya kisanduku kimoja baada ya kingine. Vyote vilionekana vizima. Lakini meza ikitikiswa kidogo, tak-tak-tak, ugonjwa ulirudi. "Huenda kuna kiungo kilichoshika nusu nusu," alisema mwishowe. "Wangila, lehemu vyote upya." Kisha akaketi kwenye dawati la nyuma kusahihisha madaftari.

Wangila aliyeyusha kiungo kizuri, akakilehemu tena. Akaenda kwa kingine. Jebet alisimama kando yake akimshikia risasi. Alikuwa amepanga kukifungua kifundo kwa siri Wangila akiondoka, lakini Wangila hakuondoka. Mara chuma cha kulehemu kiliteleza kikamgusa kidole. Aliruka, akakitia mdomoni, machozi yakamlengalenga.

"Labda mikono yangu ni mizito tu," alisema. "Heri nimwambie Baba asichukue hiyo ruhusa."

Jebet alifungua mdomo. Akaufunga. Alijiona mbaya, mbaya kabisa, na bado hakusema.

Asubuhi iliyofuata, pikapu ya maziwa ilipofika, mama yake hakumruhusu amimine hata tone. Alikuwa amechuchumaa na kipima maziwa mkononi, uso umekunjamana.

"Mteja alirudisha maziwa jana, ati ni kama maji," alisema. "Kuna mfugaji mmoja ametia maji kwa mkebe. Sasa napima yote, hata ya babu yako, na najua babu yako hawezi."

"Na huyo mtu anajua ni yeye?"

"Ajue mara ngapi? Ako kwake anakunywa chai. Mimi huku nashuku watu wazuri."

Jebet aliitazama chai yake. Haikunyweka tena. Aliweka kikombe juu ya mkebe, akachukua mkoba, akaondoka bila kuaga.

Alimkuta Wangila kwenye chumba cha kompyuta, kidole kimefungwa kitambaa, akikazia macho kisanduku. Phineas alikuwa pale pia, na Mwalimu Tryphosa alikuwa akiwasha mita yake. Jebet hakungoja pumzi imtulie. Alishika kitambaa cha meza, akakivuta.

"Mwalimu, jana nilisema uongo. Waya haukufika. Niliukata nikaunganisha hapa. Wangila hajakosea chochote."

Wangila alikitazama kile kifundo cheusi, kisha akakitazama kidole chake.

"Ulikuwa umesimama hapa hapa," alisema taratibu. "Nilipoungua, wewe ndiye ulikuwa umenishikia risasi."

"Niliogopa," Jebet alisema, na sasa alikuwa akilia waziwazi. "Nisamehe, Wangila. Niliogopa nitaachwa mimi."

Wangila alikaza kitambaa cha kidole chake. Mwalimu Tryphosa hakugomba. Aliunganisha mita upande wa pili wa kifundo, akakigusa kwa ncha ya kalamu. Namba kwenye kioo zikashuka, zikapanda, zikashuka tena.

"Ugonjwa ndio huu," alisema. "Blada inakaza mpini wa jembe vizuri sana. Lakini waya inaushika kwa nje tu. Ndani, nyuzi zimegusana kidogo, na meza ikisukumwa zinaachana. Hapo rilei inapata umeme, inanyimwa, inapata, inanyimwa. Ndiyo maana inagonga."

"Nilehemu, Mwalimu?" aliuliza Phineas.

"Hapana," alisema Wangila. "Nitalehemu mimi."

Mwalimu Tryphosa alileta waya mpya mrefu. Wangila alivuta kiti, akapasha chuma moto. Alikaa kidogo bila kumtazama mtu. Kisha akamsogezea Jebet ncha ya waya.

"Shika hapa," alisema. "Usitikisike."

Jebet alishika kwa mikono miwili, hata kupumua akaogopa.

Mchana Mwalimu Mkuu alirudi. Kabla hajauliza lolote, Jebet alisimama mbele yake akamweleza yote. "Kama kuna wa kubaki, Mwalimu, ni mimi," alimalizia. Mwalimu Mkuu aliwasha kompyuta mwenyewe. Tak! Aliegemea meza. Akaisukuma kwa nyonga. Printa haikuzimika.

"Wangila, nilikulaumu bure, pole sana," alisema. "Wewe utaenda. Lakini Jebet..."

"Mimi siwezi kueleza mbele ya watu, Mwalimu," Wangila alisema haraka. "Ni yeye anajua kueleza."

Mwalimu Mkuu alimtazama Mwalimu Tryphosa. Mwalimu Tryphosa alichukua kile kifundo cha blada akakiweka mkononi mwa Jebet. "Ataenda nacho," alisema. "Kitakaa mezani kando ya kisanduku, na mgeni yeyote akiuliza, atamwambia ukweli."

Siku ya Ijumaa wageni walikuwa wengi ukumbini. Mzee Wabuge alifika akiwa na vumbi la mahindi mabegani, akasimama mbele ya meza ya mwanawe akitabasamu mpaka mashavu yakamjaa. Kisha akaona kifundo.

"Na hii nayo ni ya nini?"

Jebet alitamani sakafu ifunguke immeze. Lakini alisimama wima. "Hiyo ndiyo iliharibu, Mzee. Niliifunga mimi, nikaficha, Wangila akalaumiwa. Kile kidole aliungua kwa sababu yangu."

Mzee Wabuge alikiinua kifundo, akakigeuza. Wangila alitazama viatu vyake.

"Amekuambia pole?" mzee alimuuliza mwanawe.

"Ameniambia, Baba."

"Basi yameisha. Washeni nione."

Tak! Printa ikawaka. Mzee Wabuge aliegemea meza kwa mikono yake mizito ya kubeba magunia, meza ikalia, lakini kisanduku kikatulia tuli. Akacheka kwa sauti hadi watu wa meza jirani wakageuka.

Walipokuwa wakifungasha vyombo, Jebet alitaka kukitupa kile kifundo. Mwalimu Tryphosa alimzuia.

"Kiweke," alisema. "Kukosea si ajabu, Jebet. Hata mimi hukosea kila wiki, na kila anayetengeneza vitu atakosea. Lakini kitu kikiharibika tunauliza kwanza ni nini kimebadilika, na mara nyingi jibu liko mdomoni mwa mtu. Mtu huyo akinyamaza, wenzake watapoteza siku nzima wakitengeneza kisichoharibika, na pengine wataumia. Ukikosea, sema mapema. Hapo tutajua pa kuanzia."

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema Jebet.

Alikitia kifundo mfukoni, akashika upande mmoja wa meza. Wangila akashika upande wa pili, wakaibeba pamoja hadi nje.