Mgongo wa Swabir

Sokoni Ukunda, watu wakisongamana, kikapu cha kijana Swabir kilimwaga ndimu. Hakuinama, alichutama polepole, mgongo umenyooka kama mchi. Ikram, aliyejitanda mtandio wa rangi ya zafarani, akamwokotea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nitafutie na mkongojo."

Wakacheka, wakapeana nambari. Swabir alikuwa fundi wa majokofu hotelini Diani, Ikram mshonaji Msambweni, na simu zao hazikuwa na mwisho. Swabir alisema anakandwa mgongo kwa mafuta ya nazi. Ikram akamshikilia: maumivu yanayomwamsha mtu usingizini hayataki kukandwa, yataka kupimwa. Swabir akaenda kupimwa.

Mwezi wa Ramadhani alialikwa futari kwa kina Ikram. Wanaume walipoizunguka sinia, Swabir aliomba sahani yake mwenyewe. Mzee Chirau, babake Ikram, akampa bila kumtazama. Kukataa sinia ni kukataa watu. Tangu jioni ile Swabir hakupokea simu.

Ikram alilia, kisha akavaa buibui akamfuata Swabir kwa mamake. Mama akawawekea chai, akawaachia mlango wazi.

"Kama hunitaki, nambie."

"Nakutaka. Nina kifua kikuu, Ikram. Kimeingia uti wa mgongo. Niliogopa kuwaambukiza."

"Mbona hukohoi?"

Kesho yake wakaenda kliniki na mama. Muuguzi Kanze akawaeleza taratibu, hata wakarudia kuuliza bila haya: picha ya mapafu ni safi, sindano ilitoa usaha kando ya mfupa, na vijidudu vikaonekana humo. Vya mfupani havirukii watu, na kifua kikuu hakiambukizwi kwa sinia. Swabir atafunga mshipi mgumu wa kushikilia mgongo, atameza dawa mwaka mzima bila kuruka. Miguu ikilegea au kufa ganzi, aje mbio.

"Nikipona, nitakuja kuposa," Swabir akasema nje.

"Njoo sasa, laazizi. Mwaka ni wa dawa, si wa kuningojesha."

"Nije nimefungwa kama punda?"

"Punda wangu mwenyewe."

Akaja, kanzu nyeupe juu ya mshipi. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha keti mkekani. Swabir akasimama mlangoni, hawezi kukunjika, jasho likimtoka. Mzee Chirau, ambaye Ikram alikuwa amemweleza yote, akamtazama, akainuka, akaagiza viti kwa majirani, vya plastiki na vya mbao. Mkekani hakubaki mtu.

"Leo sote twaumwa mgongo," akasema. "Keti, mwanangu. Mumekuja na neno gani?"