Mzee Gunia

Kila alasiri, akisharudi shule na kuvua sare, Chiriku alikuwa na kazi moja: kumlaza mdogo wake. Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile, walimwita Bonge, na mashavu yake yalieleza kwa nini.

Mama yao alikuwa mkufunzi. Alizunguka katika vituo vya kulelea watoto akiwafundisha walezi namna ya kucheza na watoto wadogo, kuzungumza nao na kuwatuliza bila kiboko. Asubuhi binti wa jirani ndiye aliyekaa na Bonge. Alasiri ilikuwa zamu ya Chiriku.

Tatizo ni kwamba Bonge hakupenda kulala, na nje wenzake Chiriku walikuwa wanaruka kamba. Siku moja, uvumilivu ulipomwishia, Chiriku alimnong'oneza, "Unamsikia? Mzee Gunia anapita. Mtoto asiyelala anatiwa ndani, gunia linafungwa, basi."

Bonge akafumba macho papo hapo. Chiriku akatoka mbio.

Tangu siku hiyo hakutumia dawa nyingine. Lakini haukupita muda Bonge akaanza kukojoa kitandani, na chooni hakukubali tena kwenda peke yake.

"Mtoto huyu amepatwa na nini jamani?" mama aliuliza.

"Anakunywa maji mengi," Chiriku alijibu, macho chini.

Likizo ilipofika, mama aliwachukua wote wawili hadi kituo alichokuwa akitoa mafunzo. Walezi walikuwa wameketi kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu. Chiriku alicheka mpaka mama akamkazia macho.

"Mtoto anayetishwa hatulii," mama aliwaambia walezi. "Anaganda tu. Kutulia na kuganda ni vitu viwili." Kisha akaenda pembeni, akaburuta gunia la vifaa lililotunzwa pale kituoni, limejaa mipira ya matambara, vifuniko vya chupa na maboksi.

Bonge aliliona. Alipiga ukelele, akajitupa chini ya meza, na mkojo ukamtiririka miguuni.

"Nimelala, Mzee Gunia!" alilia, macho ameyafumba kwa nguvu. "Nimeshalala! Usinitie!"

Nyuma kabisa mlezi mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Mganga hajigangi." Mama alisikia.

"Ni yule binti wa jirani," alisema. "Lazima ni yeye anayemtisha. Kesho asikanyage kwangu!"

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Binti wa jirani alikuwa mpole, hata kuku hakuwafukuza kwa ukali. Na kama yeye Chiriku angenyamaza tu, nani angejua?

"Siyo dada, Mama," alisema. "Ni mimi."

"Wewe?"

"Nilitaka alale upesi, nikacheze."

Walezi wote wakamgeukia. Alitamani mama amfokee yaishe, lakini mama hakufoka. Alimtazama tu kama anayemtazama mgeni, na hilo lilimuuma kuliko kofi.

Chiriku akainama kumvuta mdogo wake. "Usimvute," alisema mlezi mmoja wa makamo. "Kaa chini kama yeye. Mwambie ukweli, kisha msubiri."

Chiriku akalala kifudifudi sakafuni mbele za watu. "Bonge, hakuna Mzee Gunia. Nilimtunga mimi."

"Muongo," Bonge akasema.

"Ndiyo. Nilikudanganya. Nisamehe."

Chiriku akaketi, akavimwaga vifaa vyote, akaligeuza gunia ndani nje. Bonge akafumbua jicho moja, kisha la pili. Hatimaye alitoka, akampita dada yake aliyemnyooshea mikono, akamkimbilia mama. Chiriku akabaki pale chini, machozi yakimdondoka.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alisema, "Na mimi nimeaibika, mwanangu. Nazunguka kutazama malezi ya wengine, nyumbani kwangu sikuuliza vya kutosha. Nusura nimfukuze mtoto wa watu asiye na kosa. Umefanya vyema kusema."

Tangu siku hiyo Chiriku alikaa na Bonge kila alasiri, akimwimbia polepole. Mwanzoni Bonge alijisogeza hadi ukutani. Ikapita likizo karibu yote ndipo godoro likaanza kukauka. Alasiri moja alisinzia amekishika kidole cha dada yake. Nje wenzake walimwita, lakini Chiriku hakukichomoa.

Mama aliwakuta hivyo, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Unaona, mwanangu," alisema, "vitisho vina haraka, ndiyo maana watu huvidhania ni malezi. Vilimlaza mdogo wako papo hapo, na kuirudisha imani yake kumekula likizo yako nzima. Mdogo wako huamini kila unalomwambia. Basi mwambie lililo kweli."