Skonzi za Fundi wa Lifti

Lifti zote mbili za hospitali ziligoma asubuhi moja, na ukumbi wa chini ukawa soko. Wagonjwa kwenye viti vya magurudumu, wauguzi na trei zao, ndugu wenye chupa za chai, watu wa maabara na vichupa vya damu mikononi, wote walitaka kupanda na hakuna wa kuwapandisha. Katikati yao alisimama mpiga picha wa eksirei, dada mrefu mwenye gauni jeupe la kazi na viatu vya mpira vya rangi ya waridi. Alikuwa ameshikilia mashine yake, ile inayosukumwa hadi kitandani kwa mgonjwa. Wagonjwa saba walikuwa wakimsubiri ghorofa ya nne, na mashine ile haijui ngazi.

Mlango wa lifti ulikuwa wazi nusu. Kichwa kikatokeza kutoka shimoni, kikafuatwa na mabega, halafu ovaroli ya bluu iliyojaa grisi.

"Kaka, itachukua muda gani?"

"Muda wake, dada." Fundi alijikung'uta vumbi, akajaribu kufunga skrubu kwenye kisanduku cha ukutani. Bisibisi ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza tena.

Dada alikuwa mtu wa kuwaambia watu watulie siku nzima, kwa hiyo jicho lake lilimwona asiyetulia mara moja. "Mkono unakutetemeka. Umekula nini leo?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na chai nyingine."

"Ndiyo maana lifti haiponi. Fundi mwenyewe mgonjwa." Akafungua mkoba, akatoa kopo la plastiki na kumnyooshea. "Kula. Nina watu saba huko juu, sitaki uanguke kabla hujamaliza."

Ndani mlikuwa na skonzi mbili, kahawia, zilizonyunyiziwa ufuta. Katika kazi yake hakuna anayejua saa ya chakula cha mchana itafika lini au kama itafika, kwa hiyo kila siku yake ya mapumziko dada alioka skonzi ishirini na nne na kuzigandisha. Kila asubuhi alitoa mbili. Unga wa ngano na unga wa dengu nusu kwa nusu, mtindi mzito, karanga za kusaga. Ukila moja, njaa inakusahau hadi alasiri.

Fundi alikula ya kwanza amesimama. Ya pili aliila amefumba macho.

"Nani amekupikia hizi?"

"Mikono yangu hii hii."

"Mume wako ana bahati."

"Mume yupi?"

Fundi akafurahi mno, bisibisi ikamponyoka na kuanguka shimoni. Wote wawili waliisikia ikigonga ngazi za chuma hadi chini kabisa. Dada akacheka kwa sauti, watu wakageuka.

"Na hizi ni za kubahatisha tu," alisema. "Mayai yaliniishia. Ngoja uonje zenye mayai, ndizo skonzi zenyewe. Nitakuletea kesho."

Fundi alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama yule dada aliyekuwa bado na kicheko usoni.

"Nitafurahi sana," akasema.

Laiti angesema lile lililokuwa kwenye ulimi, watu wangu, tusingekuwa na la kusimulia.

Tangu hapo dada akawa anaoka kila alfajiri, na kopo likapata makazi. Lilikaa kwenye friji ya chumba cha mapumziko cha eksirei, likiwa na utepe mwekundu juu ya mfuniko. Kila siku saa nne fundi alipita kulichukua, na jioni likarudi limeoshwa, lina kikaratasi ndani. *Leo zimeumuka vizuri. Jana zilikuwa laini zaidi. Ufuta usipungue.* Dada alivisoma vile vikaratasi mara mbili mbili, akirekebisha mapishi kadiri alivyoambiwa. Hakuwahi kupata mlaji makini namna ile.

Na simu zikaanza.

"Eksirei wangu, umekula?"

"Bado, nina foleni ya vifua hadi mlangoni. Wewe uko wapi?"

"Juu ya lifti."

"Juu ya lifti unapiga simu? Shuka!"

"Siwezi kushuka. Nikishuka mtandao unapotea, na sauti yako inapotea nao."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Njoo unipige picha uone moyo."

"Eksirei haioni mapenzi, fundi. Inaona mbavu tu."

Jumapili moja walitoka kutembea. Dada alivaa gauni la manjano lililomkaa kiunoni na hereni ndefu. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na viatu vipya vilivyolia kila hatua. Walikaa kwenye benchi la bustani, wakagawana soda moja kwa mirija miwili, na hapo ndipo dada alipomwambia habari za yule wa zamani. Miaka mitatu alikuwa amechumbiwa na mwanamume mwenye maneno ya asali. Kila alichopika kilikuwa kitamu, kila alichovaa kilimpendeza, na muda wote huo bwana huyo alikuwa na mke na watoto wawili.

"Nakuomba kitu kimoja tu," alisema, akimshika mkono. "Usinidanganye. Hata uongo mdogo wa kunifurahisha, sitaki. Mara ya pili sitaamka."

"Sitakudanganya, laazizi," fundi akajibu, akauinamia mrija wake.

Wiki iliyofuata dada alimpigia mama yake simu. "Mama, kuna mtu nataka umwone." Alikuwa na furaha hata akamwonyesha mgonjwa wa goti mlango wa chumba cha meno.

Kisha ikaja siku ya geti la nyuma. Dada alitoka kupokea kifurushi, akapita mbele ya kibanda cha mlinzi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ametandika kitambaa mapajani, na juu ya kitambaa kuna kopo. Lilikuwa na utepe mwekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu skonzi."

"Umezipata wapi?"

"Za fundi wa lifti hizi. Kijana mwema sana yule! Mwezi wa pili huu ananilisha. Halafu ana heshima, kila siku anakuja kuniuliza, mzee, zikoje leo? Nami namweleza, anaandika."

Dada alihisi uso ukimwaka moto. "Na leo zikoje, mzee?"

Mzee akatafuna taratibu, akafikiri kama hakimu. "Fundi nimeshamwambia: karanga zimezidi kidogo."

Alimkuta fundi ukumbini, amepiga magoti mbele ya lifti na spana mkononi. Kwenye mfuko wa gauni lake kulikuwa na skonzi aliyoichukua kwa mzee.

"Skonzi zikoje leo, mpenzi?"

Fundi akatabasamu. "Tamu! Ila karanga zimezidi kidogo."

Dada akaitoa skonzi mfukoni. "Mzee wa getini anakusalimia."

Tabasamu likamwisha. Spana ikashuka chini polepole. "Sikiliza, naweza kukueleza..."

"Miezi miwili! Naamka alfajiri, naponda karanga, narekebisha unga, kumbe nampikia mlinzi! Kama hupendi chakula changu ungesema. Hukusikia nilivyokuomba pale bustanini? Hata siku saba hazijapita!"

"Nakipenda! Nakupenda wewe! Tazama!" Na kabla hajazuiwa, fundi aliipokonya ile skonzi, akaitia mdomoni nzima, akatafuna na kumeza mbele ya ukumbi mzima.

Dakika chache zikapita, dada bado anamfokea. Kisha akaona mdomo wa juu wa fundi ukifura. Akaona na wa chini. Mabaka mekundu yakamtoka shingoni.

"Umefanya nini? Una aleji?"

"Ya mayai," fundi akasema kwa ulimi mzito. "Tangu utoto."

Dada alimtia kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa karibu na kumsukuma hadi chumba cha dharura akipiga kelele watu wapishe. Daktari akamchoma sindano. Nusu saa nzima dada alisimama kando ya kitanda akihesabu pumzi zake, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Fundi alipoanza kupumua sawasawa, hasira ikarudi, na safari hii ilirudi imeshiba.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema ndizo skonzi zenyewe. Ulikuwa unacheka. Niliogopa nikikwambia sili mayai, hutaniletea tena kopo. Na kopo ndilo lililokuwa sababu yangu ya kuja mlangoni kwako."

"Kwa hiyo neno dogo vile lilikushinda. Siku ukiwa na neno kubwa je?"

Hakungoja jibu. Akachukua mkoba wake, akaenda.

Siku tisa hakupokea simu. Siku tisa alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, mikono mitupu, mashine akimwachia mwenzake aipandishe kwa lifti, na kwa ukaidi wa dunia lifti hazikuwahi kufanya kazi vizuri kama siku hizo. Usingizi ulimpaa. Alimkumbuka fundi hadi kwenye vidole vya miguu, na hilo lilimuudhi zaidi.

Siku ya kumi, saa ya mapumziko, simu ikalia. Aliitazama ikilia mara tano, akaipokea.

"Sema."

"Sili mayai."

"Hilo nalijua. Nilikuwepo."

"Na sikulipenda lile gauni la manjano."

"Unasemaje?"

"Ulikataza uongo, naanza upya. Nilisema limekupendeza. Halikukupendeza, lilikufanya uonekane mgonjwa. Ukiimba, unaimba vibaya, lakini naomba usiache. Vile viatu nilivyosema havinibani vilinibana hadi kucha ikang'oka. Na niliwahi kuposa mahali, nikakataliwa, sikukwambia kwa sababu ya aibu." Akavuta pumzi. "Basi. Ghala tupu."

Dada alikusudia kukaa kimya. Lakini kile kijikucha kilimshinda. "Iling'oka kweli?"

"Ninayo kwenye droo."

"Ishii! Itupe!" Alikuwa anacheka, machozi nayo yanamtoka. Kisha akakaza sauti. "Sikiliza. Kuungama kwenye simu ni rahisi, kila mwenye kosa anaweza. Njoo nyumbani Jumapili, saa saba. Mama atakuwepo. Nitakuangalia."

"Nitakuja, kipenzi changu."

"Sijasema ni kipenzi chako. Nimesema saa saba."

Jumapili dada aliingia jikoni mapema. Mayai aliyafungia kabatini. Aliponda maharage yaliyochemshwa, akayachanganya na unga wa dengu, mtindi na maziwa ya unga, na katikati ya kukanda shangazi, aliyealikwa na mama, akapiga simu kuuliza njia, akapiga tena kusema amepotea, akapiga ya tatu kusema kumbe amefika. Skonzi zikatoka zimeumuka, zina rangi nzuri, jiko zima linanukia.

Fundi alifika saa saba kasoro dakika tano, amenyoa, shati la samawati, viatu vya zamani. "Shikamoo mama. Shikamoo shangazi." Wakaitikia. Shangazi, aliyekuja na kilemba kikubwa na macho makali zaidi, akamkagua kuanzia kola hadi soksi.

Sahani ikazungushwa. Shangazi akawa wa kwanza. Akauma, akatafuna, akatafuna tena. "Mmh," alisema. "Binti yetu ana mkono."

"Laini," mama akasema, na kunywa chai mafunda matatu ya haraka.

Dada hakuwa ameonja. Macho yake yalikuwa kwa fundi.

Fundi akauma. Taya likasimama. Akamtazama shangazi, akamtazama mama, akaitazama sahani. Jasho jembamba likamtoka kwenye paji la uso. Neno moja tu tamu, na nyumba yote ingekuwa yake. Dada aliona neno lile likimjia mdomoni, na moyo wake ukaanza kuvunjika.

"Mpenzi," fundi akasema, "hizi skonzi hazina chumvi. Hata punje. Haziliki."

Kikombe cha shangazi kikabaki hewani. "We kijana! Umekuja kutaka binti au kututukania binti?"

"Nimekuja kumtaka, shangazi. Ndiyo maana siwezi kumwambia ni tamu."

Mama akaichukua skonzi yake, akaonja pembe moja tena, akairudisha sahanini. "Jamani," akasema, "ni kweli hazina chumvi."

"Mimi nilidhani ni ulimi wangu," shangazi akanong'ona. "Nilikuwa napanga kumwona daktari."

Dada akaonja. Ilikuwa kama kutafuna kadibodi. Akaanza kucheka, akacheka hadi akajishikilia meza, mama akaangua naye, shangazi akavua kilemba ajipepee. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa wima, anasubiri hukumu.

Dada akazunguka meza, akasimama mbele yake. Furaha ilimjaa hadi kooni na hakuona sababu ya kuificha mbele ya wakubwa zake.

"Utanioa?" akamuuliza.

"Hata kesho," fundi akasema, na kuirudisha skonzi kwenye sahani. "Lakini hii siimalizi."