Mstari wa Arobaini na Moja

Inspekta Nélida Huarcaya alifika ofisi ya kamati ya maji saa tano kasorobo asubuhi, akakuta watu kama sitini uani, kila mmoja na jembe lake. Hakuna aliyekuwa amekuja kulima.

Ndani, Yovana, karani wa miaka ishirini na miwili, alikuwa analia mbele ya kompyuta. Mwenyekiti, mzee Hilario Tintaya, alikwisha kumhukumu.

"Mfunge pingu, afande. Nywila anayo huyu."

"Nani mwingine anayo?"

"Mimi. Na mwalimu Fidencio, aliyetufundisha kompyuta. Ila mwalimu ni mtu wa heshima."

"Na wewe?"

Mzee akakohoa. "Mimi hata kuiwasha siwezi."

Nélida akainamia kioo cha kompyuta. Lahajedwali, jedwali la zamu za maji, ilikuwa wazi. Mstari wa pili hadi wa arobaini, majina na saa vimefutwa vyote. Wa arobaini na moja mtupu. Kuanzia wa arobaini na mbili hadi wa tisini na sita, hakuna kilichoguswa. Nakala ya karatasi iliyokuwa ukutani nayo imebanduliwa. Saa sita mfereji ungefunguliwa, na familia thelathini na tisa hazikuwa na zamu. Mwaka juzi watu walipasuana vichwa kwa nusu saa tu ya maji.

"Mwizi wetu alichoka njiani?" aliuliza.

"Wa arobaini na moja niliufuta mimi," Yovana alisema.

"Umesikia?" mzee alifoka. "Amekiri!"

"Jana jioni, afande. Ni wa marehemu Aniceto. Nafasi ya marehemu huachwa tupu mpaka nguo zake zifuliwe mtoni, siku ya tano. Ndiyo kesho."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

Jiwe likagonga bati juu ya vichwa vyao. Yovana akaruka. Nélida hakuinua macho. Miaka sita alikuwa amefanya kazi ya takwimu makao makuu, na pale ufutaji ulipokomea palimkera kama punje ya mahindi kwenye jino.

"Jaza namba moja kwenye mistari yote iliyofutwa," alimwagiza Yovana. "Wa arobaini na moja usiuguse. Kisha niitieni mwalimu."

Fidencio Ayquipa akaingia, kofia kichwani, mkono wa kulia ukitetemeka kama kawaida yake.

"Kila mtu anichagulie orodha yote, toka juu mpaka chini," Nélida alisema. "Basi."

Yovana alishika kipanya, akaburuta polepole hadi wa tisini na sita. Mzee Hilario akagusa kioo kwa kidole.

"Mbona haisikii?"

"Mzee, hiyo si simu."

Zamu ya Fidencio ikafika. Kipanya hakukigusa, kwa mkono ule asingeweza. Alibonyeza Ctrl na Shift kwa pamoja, akagonga mshale wa kulia, kisha wa chini. Rangi ya buluu ikashuka kwa kasi, ikasimama kwenye mstari wa arobaini.

"Mbona imekomea hapo?" aliuliza mwenyewe.

"Vitufe hivyo huruka mpaka kisanduku cha mwisho chenye kitu, Mwalimu. Vikikutana na pengo, vinasimama. Anayeburuta kipanya hazuiwi na pengo. Leo asubuhi vilisimama hapo hapo. Ulikuwa unafuta orodha nzima, sivyo?"

"Nani kasema nilikuwa hapa?"

"Pengo gani hilo, unalijua?"

Fidencio alitazama kioo. Akasoma namba ya mstari mtupu.

"Ni la mdogo wangu," alisema taratibu. "La Aniceto."

Akavua kofia. Ndani mlikuwa na ile karatasi ya ukutani, imekunjwa mara nne.

"Nilisikia viatu vya Yovana kwenye ngazi, nikafuta, nikahifadhi, nikatoka bila kuangalia. Hii nilishindwa kuichoma. Nilijua nguo zikishafuliwa, zamu yake atapewa mwingine. Mjane wake, Dominga, ana watoto watatu na viazi vyake vimeshaanza kukauka. Orodha ingepotea yote, mngeandikisha watu upya, na yeye angejipanga kama wengine."

"Na mimi ningelala rumande," Yovana alisema.

"Nilijua hawatakufunga. Wewe ni mwanafunzi wangu."

"Wako nje na majembe, Mwalimu!" Yovana alipaza sauti. "Kwa nini hukuniuliza? Kamati ilikubali tangu Jumatatu. Kesho nilikuwa namwandika mama Dominga kwenye mstari wa mumewe. Mzee hapa alisaini."

Mzee Hilario alitazama viatu vyake. "Nilisaini," alisema.

Nélida alimfunga mwalimu pingu kwa mbele, ili aweze kushika karatasi. Zilibaki dakika ishirini. Fidencio akasoma majina na saa, Yovana akaandika, haraka, bila kumtazama. Walipomaliza wa arobaini, kidole cha mwalimu kikafika kwenye jina la mdogo wake.

"Huo uache," Yovana alisema. "Mpaka kesho."