Matone Madogo na Nusu Kidonge

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 2019. Asubuhi hiyo mji wa Enschede ulikuwa na ukungu na manyunyu ya baridi.

Aaltje alisali kabla ya kunywa chai, kama kawaida yake. Alipoinuka, alijishika kiuno. Maumivu ya kibofu yalikuwa yamerudi tena. Daktari alikuwa amemwonya: safari ijayo ugonjwa unaweza kupanda hadi kwenye figo.

Mumewe, Berend, alifungua droo ya jikoni. Humo alikuwa akiweka vidonge vilivyobaki kila Aaltje alipotibiwa. Alikata kimoja kwa kisu cha jibini.

"Meza nusu," alisema. "Nyingine akiba. Kutupa dawa ni dhambi."

"Imeandikwa wapi, Berend? Nionyeshe mstari."

"Wewe nawe! Meza tu."

Hakumeza. Siku hiyo chuo kikuu kilifungua maabara zake kwa watu wote. Jirani yao Roelien, mtafiti wa pale, alikuwa amewaalika. Wakaenda.

Roelien aliwaonyesha mashine ndogo na kipande cha kioo, kidogo kama kidole gumba. Ndani yake mlikuwa na mfereji mwembamba kama unywele.

"Mashine hii inadondosha dawa mwisho huu wa mfereji," alieleza. "Mwisho ule inadondosha maji. Matone ni madogo mno, macho hayayaoni."

"Si umwage tu?" Berend aliuliza. "Matone ya nini, kama bomba bovu?"

Watu wakacheka. Roelien naye akacheka.

"Nikimwaga, mzee, vyote vitavurugika. Tone dogo halivurugi. Tena mashine inajua imedondosha mangapi. Basi huku dawa ni kali, halafu inapungua kidogo kidogo, mpaka kule ni maji matupu. Ni kama mteremko. Jana tuliweka bakteria mfereji mzima. Walio hai wanang'aa kijani. Tazama, mama Aaltje."

Aaltje aliinamia hadubini. Kwenye maji, kijani tele. Kwenye dawa kali, giza. Katikati aliona nukta chache za kijani.

"Hawa mbona hawajafa?"

"Hapo ndipo penye nusu kidonge. Dawa imeua wanyonge, imeacha wakaidi. Na wakaidi wanazaana." Roelien aliweka kioo cha pili. "Hawa ni wajukuu wao."

Safari hii kijani kilikuwa kimesogea hadi karibu na dawa kali. Aaltje aligeuka.

"Berend, njoo uone mifugo yako!"

Berend aliangalia kwa muda mrefu. "Hila za wauza dawa," alinong'ona.

"Basi figo ziwe zako, tuone kama utasema ni hila."

Roelien alimshika Aaltje mkono. "Nenda kwa daktari leo. Mkojo upimwe, ijulikane ni dawa ipi inayowaua. Meza kama ulivyoandikiwa, mpaka siku ya mwisho, hata ukijisikia mzima. Dawa zilizobaki nyumbani zirudishe duka la dawa. Usimpe mtu."

Aaltje alikwenda siku hiyohiyo. Alipewa dawa nyingine. Baada ya siku chache maumivu yakaisha.

"Umepona," Berend alisema. "Zilizobaki tuweke."

"Wao wakaidi, mimi mkaidi zaidi," alijibu. Akameza mbele yake, kisha akafungua mdomo ili aone.

Alimaliza dawa zote, na vidonge vya kwenye droo akavirudisha duka la dawa. Mkojo ulipopimwa tena, ulikuwa safi. Alimshukuru Mungu kwa machozi.

Jumapili iliyofuata, watu wakinywa kahawa kwenye ukumbi wa kanisa, wifi yake Dinie alimsogelea.

"Wifi, hujabakiza vidonge? Kibofu changu kinaniua."

Ukumbi ulisikia. Berend alitazama kikombe chake. Aaltje alisimama.

"Sina, na ningekuwa navyo nisingekupa. Dinie, kesho asubuhi nakupeleka kwa daktari mimi mwenyewe. Na mbele za Mungu, na mbele yenu nyote, naahidi: nyumbani kwangu hakikatwi kidonge tena. Anayebisha asimame sasa hivi, hata kama ni mume wangu!"