Taa ya Kijani Shimoni

JUMATANO, ALASIRI

Védaste alimwaga kokoto nyeusi mezani, akazipanga kwa ncha ya kisu.

"Hii ni kliniki. Hii barabara ya Sake. Hii ziwa. Batu bote bataenda huku. Sisi tutaenda huku."

Ardhi ikatikisika. Kokoto ya ziwa ikabingirika hadi ukingoni mwa meza. Akairudisha mahali pake na kuendelea kusema. Tangu Jumamosi, mlima ulipotema moto na kuzika nyumba za Kibati, Goma ilikuwa haitulii. Kila nyumba ilikuwa na mzigo mlangoni, watu wakingoja tangazo la kuhama. Védaste naye alilingoja, ila yeye alilingoja kwa hamu.

Walikuwa wanne katika kile chumba cha nyuma ya duka la vipuri, mtaa wa Mabanga. Védaste mwenyewe alikuwa amepigana katika maasi mawili huko Masisi, moja upande huu na jingine upande ule, na yote mawili akatoka mzima. Hilo peke yake lilitosha kumtilia mtu shaka. Jafari alikuwa mwenye boti, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa Maniema, mcheshi, mwepesi wa kuapa. Florent alikuwa fundi wa chukudu, zile baiskeli nzito za mbao zinazobeba magunia ya viazi na makaa. Na kando ya mlango alikaa Uwingabire, msaidizi wa wauguzi kliniki, mwanamke wa maneno machache. Simu haikumtoka mkononi.

Florent alikuwa amemwekea jicho tangu aingie. Mwanamke huyo alibonyeza simu, akaiweka sikioni, akasikiliza, akaishusha bila kusema neno. Kisha akarudia. Anampigia nani, na kwa nini hataki kusikika akiongea naye? Florent alimeza swali lake, lakini halikushuka.

Mali waliyoitaka ilikuwa sanduku la buluu la dawa. Uwingabire aliwaeleza kama Daktari Buhendwa alivyowaeleza wafanyakazi wake. Ni dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta vidogo mno, hata darubini ya kawaida haivioni. Wataalamu wanaviita nano. Dawa ya zamani huupiga mwili mzima. Hii hupenya mpaka ndani ya uvimbe na kufunguka humo. Ila ina deko. Ikiganda imeharibika, ikipata joto imeharibika. Vitone hupasuka na kinachobaki ni sumu. Ndiyo maana sanduku lina taa: ya kijani, dawa ni nzima, nyekundu, itupwe. Likichomolewa kwenye umeme asubuhi, hushika baridi hadi jioni tu.

Mnunuzi alikuwa Bukavu, ng'ambo ya ziwa. Florent hakutaka hata kujua jina lake. Dada yake Umurerwa alikuwa na uvimbe titini. Dawa ya zamani ilimnyonyoa nywele na kumgeuza kucha kuwa nyeusi, uvimbe ukabaki palepale. Kliniki walimwambia nafasi za dawa mpya zimejaa. Védaste akaahidi fungu la mgonjwa mmoja, na ahadi hiyo ndiyo iliyomkalisha Florent kwenye meza ile.

Hata usafiri wangeukuta kulekule. Kliniki ilikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu ya kupelekea dawa, ya umeme, na betri yake ilitengenezwa kwa ufundi uleule wa nano. Inajaa umeme kabla mtu hajamaliza chai. Haina moshi, haina mlio. Wanajeshi wanaosaka waporaji husikiliza milio ya pikipiki; hii ingewapita mgongoni wasigeuke.

"Na njia ya chini?" Jafari akauliza. "Kule kwa mashimo ya mawe kuko mazuku."

Hakuna mtoto wa Goma asiyejua mazuku, ile hewa mbaya inayofoka ardhini na kutuama mabondeni. Haionekani. Mbuzi akishuka humo harudi, na anayemfuata mbuzi harudi pia. Mlima ukiamka, huzidi.

Védaste akacheka. "Miaka yote niko napita kule. Pikipiki inakuambia yenyewe. Ikikohoa, moteur inakosa hewa, unageuza."

Wote wakaitikia kwa kichwa, maana ndivyo wafanyavyo madereva wote wa mji ule. Mazungumzo yakahamia kwenye boti.

ALHAMISI, ALFAJIRI

Tangazo likaja redioni. Jua lilipochomoza barabara ya Sake ilikuwa imejaa magodoro, mbuzi na watoto waliofungwa migongoni. Florent alimpandisha Umurerwa kwenye lori la jirani na kumwambia waonane Sake jioni, atakuja na dawa.

"Dawa unaitoa wapi?"

"Kwa mutu."

"Mutu gani?"

"Panda, dada."

Umurerwa akapanda. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimemlegea, naye hakukirekebisha. "Niko mugonjwa, Florent. Siko mujinga."

Lori likaondoka. Florent alibaki barabarani na uso unamwaka kama mtu aliyekamatwa kabla hajaiba.

ALHAMISI, ASUBUHI

Uwingabire alikuwa amewahakikishia kwamba kliniki itakuwa tupu, kwamba daktari atawachukua wagonjwa kwenye gari na kurudi baadaye kufuata sanduku. Sehemu ya daktari ilikuwa kweli. Lakini langoni, juu ya kigoda, alikaa mlinzi, muzee Laurent, redio magotini.

"Ulisema hakuna mutu," Védaste alinong'ona.

"Jana alisema ataenda na bengine."

Védaste hakungoja maelezo. Alimpiga mzee kitako cha bunduki aliyoificha kotini, mara moja, kwa namna ya mtu aliyeizoea kazi hiyo. Uwingabire akapiga magoti, akavua kitenge chake cha mabegani, akamfunga mzee kichwa. Alichelewa hapo kupita kiasi. Védaste alipomvuta mkono ndipo alipotoa funguo.

Chumba cha dawa kilikuwa cha baridi na kisafi mno kwa viatu vyao. Sanduku lilikuwa kwenye kona, taa ya kijani inawaka. Florent alililaza kwenye tela la pikipiki na kulichomeka kwenye betri. Humo ndani, kwenye kichupa kimojawapo, kulikuwa na maisha ya Umurerwa.

Alipoinua macho alimwona Uwingabire ukutani, amegeuka, simu sikioni. Anasikiliza. Haongei.

Sasa shaka ikamkaba Florent. Mlinzi ambaye hakupaswa kuwepo. Kule kuchelewa juu ya mzee. Na hii simu. Akamsogelea Védaste.

"Ule mwanamuke iko naita basoda, bale banajeshi."

"Umesikia?"

"Sikusikia kitu. Ndiyo inaniogopesha."

Védaste akamtazama Uwingabire, kisha Florent, kisha sanduku. Akampiga Florent begani, polepole, kama baba anayempongeza mwana. Akasema amefanya vema. Mpango wa awali ulikuwa Florent aendeshe na Védaste atembee mbele kuangalia njia. Lakini mambo yamegeuka, akasema. Yeye ataendesha mwenyewe na mwanamke huyo atakaa ubavuni mwake, na simu ataishika yeye. Florent apite njia ya juu, wakutane kwa Jafari ufukweni.

Uwingabire aliposikia, alimtafuta Florent kwa macho. "Usimuache anipeleke peke yangu," alisema.

Florent aliona ni hila. Akageuza uso.

Pikipiki ikatoka langoni kimya. Doria ya wanajeshi ilikuwa mtaa wa pili, nao hawakugeuka.

JUA KUKARIBIA UTOSINI

Jafari alikuwa kwenye boti, ametupa kofia, anazunguka kama kuku anayetaka kutaga.

"Bako wapi?"

Florent akasema wako nyuma. Walingoja. Ardhi ikatikisika na maji yakapiga mawe. Njia ya chini ilikuwa fupi kuliko ya juu; pikipiki ilipaswa kuwa imefika zamani.

"Sanduku iko wapi, Florent?"

"Nimekuambia, iko na Védaste."

"Na weye ulimuachia. Weye mwenye dada mugonjwa." Jafari akamkazia macho. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka. "Mulipanga bawili. Mi niko pumbavu wenu."

Palepale ndipo jambo lilipomwingia Florent. Wanajeshi hawakuwa na habari nao; ile doria haikugeuka hata. Hakuna aliyewasaliti. Védaste alikuwa anatafuta kisababu cha kubaki peke yake na mali na mtu anayeijua mali, na kisababu hicho amepewa mkononi na yeye Florent, kwa kunong'onezwa.

Akageuka, akakimbia. Alisikia mashine ya boti ikiunguruma nyuma yake na kuelekea ziwani. Jafari, aliyeapa kwa mama yake na kwa Kurani, hakungoja hata salamu.

Alama za magurudumu matatu zilionekana wazi kwenye mchanga mweusi. Zilifuata njia hadi penye mashimo ya kuchimbia mawe, kisha zikakata kulia na kushuka. Védaste alikuwa amekwenda kuficha sanduku. Baadaye angewatokea na hadithi ya wanajeshi waliompora.

Ukingoni Florent alisimama. Chini kabisa pikipiki ilikuwa imesimama wima, taa yake ya mbele inawaka mchana kweupe. Haikukohoa. Ingekohoaje? Haina haja na hewa. Ilimpeleka bwana wake mpaka katikati ya mazuku, kimya kimya, kama alivyopenda.

Védaste alilala kifudifudi juu ya mawe, mkono mmoja umeshika mpini wa sanduku. Aliinama kulificha, akawa ameinamia kifo. Kando yake kulikuwa na mwewe wawili wamekufa. Uwingabire alikuwa bado juu ya kiti cha pikipiki, ameegemea usukani, na kiti kile kilikuwa kimemweka juu kidogo ya ile hewa. Vidole vyake vilisogea.

Karibu na miguu ya Florent, mahali Védaste alipoitupa, simu ikaanza kulia. Ilikuwa ile simu. Kwenye kioo paliandikwa Mama. Florent akaipokea.

"Uwingabire?" Sauti ya mwanamke mzee, kelele za watu nyuma yake. "Mutoto wangu, ni miye. Nyumba ya Kibati iliungua, telefone iliungua. Batu bananiazima telefone ingine, banarudisha namba yangu ileile. Niko muzima. Niko Sake. Unasikia?"

Tangu Jumamosi Uwingabire alikuwa anampigia mama yake, asijue kama yu hai. Florent akamwambia mama angoje, akailaza simu juu ya jiwe bila kuikata.

Akafunga kiberiti cha gesi kwenye kamba yake ya mzigo, kamba ikikibana kitufe kisizime, akakiwasha, akakishusha. Usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama chini, moto ukazimika. Wachimba mawe hufanya hivyo kila asubuhi kabla ya kushuka. Védaste hakuwahi kuchimba jiwe.

Pumzi moja. Kwa pumzi moja mtu hushuka na kupanda na kitu kimoja. Sanduku lilikuwa pale, limechomolewa, kijani chake kinawaka. Uwingabire alikuwa pale.

Alijaza kifua, akashuka mbio. Mpaka chini kabisa hakujua atanyoosha mkono wapi. Aliona taa ya kijani, akamwona Umurerwa juu ya lori, kitambaa kimelegea. Kisha mikono yake ikamshika Uwingabire kwapani na kumvuta. Mawe yaliteleza. Karibu na ukingo kifua kilimshinda, akavuta hewa, akaanguka. Alimalizia kwa magoti na viwiko.

Uwingabire alikohoa, akatapika, akafungua macho. Florent akamwekea simu sikioni. Alimsikiliza akilia na kumwambia mama yake kwamba yuko mzima naye, kwamba anakuja. Kisha akamgeukia Florent.

"Ni weye ulimuambia?"

"Ni miye."

Hakumtukana. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Florent alijiinua. Pumzi moja nyingine tu, na sanduku ni lake. Alikuwa ameshashusha mguu mmoja doria ilipotokea juu ya mawe na kumwangusha chini kwa teke.

Aliwaeleza. Aliwaeleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza jambo maishani: dawa, dada, taa, jioni. Waifunge kamba ndoano, wavute, yeye watampeleka wanakotaka. Sajenti aliyemfunga mikono alishusha kiberiti kilekile kwa kamba ileile, akautazama moto ukizimika.

"Unatutuma tukafe."

"Hapana kushuka. Ndoano tu."

"Mwizi hana dawa. Mule muko nini? Bombe?"

Uwingabire naye aliwasihi, wakamnyamazisha. Waliketi hapo ukingoni kungojea gari lililokwama kati ya watu wanaohama. Jua likateremka kuelekea Sake. Florent hakubandua macho kwenye ile taa.

Simu ya Florent, waliyomnyang'anya, ikalia mfukoni mwa sajenti. Sajenti akaitoa, akasoma.

"Umurerwa ni nani?"

"Dada yangu. Iko Sake, ananingojea. Acha nimujibu, muzee. Dakika moja tu."

Sajenti alimtazama usoni kwa jicho ambalo Florent alilijua vema, maana ndilo alilomtazamia Uwingabire tangu jana.

"Ni mwenzako," sajenti akasema. "Unataka kumuonya."

Simu iliita mpaka ikanyamaza. Chini shimoni, taa ilikuwa imegeuka nyekundu.